SHAURI LA JUMA HILI: Mzigo kwa Kadiri ya Mchukuzi

Watu wengi huanza kujifunza lugha ya kigeni kwa bidii, wakanunua vitabu na kulipa ada ya masomo ya jioni. Kisha baada ya miezi michache huacha, wakisema kwamba hawana akili ya lugha. Aghalabu si akili iliyopungua, bali walitwikwa mzigo uliowazidi nguvu.

Jambo hili lilichunguzwa zamani na Michael West, Mwingereza aliyefundisha walimu katika mji wa Dhaka, ambao siku hizi ni mji mkuu wa Bangladesh. Aliona kuwa wanafunzi wa Kiingereza walipewa vitabu vilivyojaa maneno mageni, hata hawakuweza kusoma kwa raha. Mwaka 1926 alitoa kipimo: neno geni lisizidi moja katika kila maneno 50. Baadaye alitunga vitabu vya kusomea kwa madaraja, na mwaka 1953 akachapisha orodha ya maneno 2,000 hivi ya Kiingereza yatumikayo sana, ili mwanafunzi aanze na yale yenye faida kubwa.

Basi mwalimu wa darasa la watu wazima na ampime kila mmoja kwanza. Karani aandikaye barua kila siku na mkulima ajuaye maamkizi tu hawawezi kufanyishwa kazi moja. Hata hivyo si lazima watengwe. Mwalimu aweza kuwasomea wote hadithi fupi iliyo nyepesi. Mmoja ataje watu waliomo na vitu walivyobeba, wa pili aisimulie kwa maneno yake, wa tatu aandike barua kana kwamba yeye ndiye mmoja wa watu wale.

Nawe msomaji ujifundishaye nyumbani, fungua kitabu chako uhesabu maneno 100. Ukikuta mageni zaidi ya 2, kiweke kwanza, utafute kilicho chepesi zaidi, wala usione haya. Lakini usikae huko daima: kitabu kisicho na neno geni hata moja hukuzoeza kusoma upesi, ila hakikuongezei maneno. Ukikimaliza panda daraja. Kile ulichokiweka kando kitakungoja, na siku utakapokirudia utashangaa kuona jinsi kilivyopungua uzito.