Kishenga cha Mtandao: Istilahi Inayosubiriwa Migori na Homa Bay

Kila panapozuka mjadala kuhusu istilahi za teknolojia ya habari katika makongamano ya Kiswahili, mifano inayotolewa huwa ile ile: tarakilishi au kompyuta, mdahalishi au intaneti, rununu au simu ya mkononi. Mjadala huo haukosi ladha, lakini una ila moja kubwa. Umeshughulikia majina ya vitu vinavyoonekana dukani, ukayaacha majina ya kazi zinazofanyika ndani ya vitu hivyo. Mwanafunzi anaweza kuhitimu akijua majina matatu ya tarakilishi na asiweze kueleza kwa Kiswahili namna ujumbe mmoja unavyotoka katika tarakilishi hiyo ukafika Nairobi.

Kazi moja ya aina hiyo ni ya kile kinachosimama kati ya programu na mtandao wa nje, kikapokea ombi la programu na kulipeleka nje kwa anwani yake chenyewe, kisha kikarudi na jibu. Mafundi hukiita proksi na kuendelea na shughuli zao. Wanaisimu wengi nao hawajakutana nacho. Pengo hili huenda likaonekana dogo kwa mtu aliyeketi maktabani. Kwa mtu anayetunza seva ya zahanati huko Migori au Homa Bay si dogo hata kidogo.

Kaunti hizi mbili, zilizotokana na iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, ni miongoni mwa zile zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini Kenya. Kwa sababu hiyo kumbukumbu za wagonjwa wanaotumia dawa kwa miaka mingi ni hazina nzito, tena ya siri. Mfumo wa KenyaEMR, ambao vituo vya afya vya umma nchini vimeutumia kuhifadhi kumbukumbu hizo, umejengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 na ambao mmoja wa mizizi yake ni kliniki za Eldoret. Kumbukumbu hukaa katika seva ya kituo, lakini taarifa fulani hazina budi kutoka nje ili zifike katika hifadhi ya kitaifa. Swali ni zitoke kwa mlango upi, na nani awe amesimama mlangoni.

Zamani jibu lilikuwa jepesi: seva moja, programu moja, waya mmoja. Mambo yamebadilika tangu Docker ilipotolewa mwaka 2013 na Kubernetes mwaka 2014. Siku hizi programu hufungashwa pamoja na mahitaji yake yote katika kontena, na hata OpenMRS ya toleo la 3 hupatikana kwa namna hiyo. Kontena huwekwa ndani ya podi, podi hupangwa juu ya nodi, yaani mashine zenyewe, na nodi kadhaa zikiunganishwa huwa klasta. Inafaa kukumbushwa kwamba sehemu ya msamiati huu ilitoka majini. Docker ni mchukuzi wa gatini, na Kubernetes ni neno la Kiyunani lenye maana ya nahodha au mshika usukani. Waundaji wake waliazima lugha ya majini bila haya. Wasemaji wa Kiswahili, ambao walikuwa na nahodha, shehena na makuli karne nyingi kabla ya tarakilishi, wanaogopa nini?

Ichukuliwe kwamba hospitali moja ya kubuni katika kaunti mojawapo kati ya hizi ina klasta ndogo ya nodi tatu. Ngome ya mtandao wake hairuhusu chochote kutoka nje ila kupitia proksi moja. Fundi huandika katika mazingira ya kila kontena mistari mitatu: HTTP_PROXY na HTTPS_PROXY, ambayo hutaja anwani ya proksi, na NO_PROXY, ambao huorodhesha mahali ambapo programu iende moja kwa moja bila kupitia kwa mtu wa kati. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Podi za ndani huzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa majina kama yale yanayoishia na .svc na .cluster.local, na kwa anwani za ndani ambazo ulimwengu wa nje hauzijui; 10.96.0.0/12, kwa mfano, ni safu ya kawaida ya anwani za huduma pale klasta inapoundwa kwa kubeadm. Fundi akisahau kuyaorodhesha hayo, programu ya kliniki inayotaka kuzungumza kwa HTTP na huduma nyingine iliyo chumba hicho hicho itampelekea proksi ombi lake, naye proksi hamjui huyo anayetafutwa. Daktari ataambiwa mtandao umeharibika, ilhali mtandao ni mzima. Hata fundi aliyekumbuka anaweza kukwama, kwa maana si programu zote husoma orodha hiyo kwa namna moja. Curl, chombo kinachotumiwa kila mahali, kilianza kuelewa safu za anwani katika NO_PROXY mnamo 2022 tu, katika toleo la 7.86.0.

Tena mistari hiyo mitatu huwekwa ndani ya kontena, lakini kontena yenyewe huletwa na mtumishi mwingine anayeishi katika nodi na asiyesoma mazingira ya podi. Asipowekewa mipangilio yake mwenyewe katika kila nodi, hatapata kitu cha kuendesha, na podi zitakaa zikisubiri.

Liko jambo lingine ambalo linapaswa kuwasumbua wanafunzi wa lugha kuliko hayo. OpenMRS imeandikwa kwa Java, na Java kwa desturi yake haiisomi HTTP_PROXY. Inataka iambiwe kwa maneno yake, https.proxyHost na http.nonProxyHosts, na vipengele vya orodha yake vitenganishwe kwa mstari wima badala ya mkato. Basi fundi anaweza kuandika mistari mitatu kwa usahihi, akaiona imekaa mahali pake, na programu isiitii kabisa. Mistari ile ni ombi, wala si amri. Kwa kawaida Kubernetes huiruhusu kila podi kwenda nje inakotaka, mpaka iwekwe sera ya mtandao inayofunga njia nyingine zote na kuacha ile ya kwenda kwa proksi, na programu-jalizi ya mtandao iwe ya aina inayoitekeleza sera hiyo. Pale ambapo ngome ya nje ni dhaifu na sera haipo, kumbukumbu za wagonjwa zinaweza kutoka kwa mlango wa nyuma huku kila mtu akiamini kwamba zinapita mlango wa mbele. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Msimamizi wa kituo anayewajibika kwa sheria hiyo anahitaji kuelezwa tofauti kati ya ombi na amri kwa lugha anayoielewa, naye aghalabu si mhandisi.

Hapo ndipo suala la istilahi linapoingia. Neno ambalo wengi hulikimbilia ni wakala. Lina sifa ya kujulikana, lakini limekwisha kulemewa. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, wakala kwa Mkenya wa kawaida ni mtu wa kibandani anayepokea na kutoa fedha. Nchini Tanzania ni pia taasisi ya serikali. Aidha katika tarakilishi kwenyewe zipo programu ndogo zinazokaa katika mashine na kumfanyia kazi bwana wao aliye mbali, na hizo ndizo zinazostahili kuitwa wakala. Dalali hafai, kwa kuwa yeye hutafuta bei na hukata chake. Kijumbe angefaa, lau asingekuwa tayari mshika fedha za upatu.

Lililobaki ni mshenga. Mshenga hutumwa na upande wa mposaji. Hutoka nje ya nyumba yao, akaenda ugenini, akasema kwa niaba ya asiyeonekana, akarudi na jibu. Anapobeba barua ya posa iliyofungwa, anajua inapelekwa kwa nani lakini hajui kilichoandikwa ndani. Hivyo ndivyo proksi inavyofanya inapopitisha mawasiliano yaliyosimbwa: hufungua njia hadi kwa anayetajwa, na haisomi yaliyomo. Zaidi ya hayo, dhana hii si ngeni kwa wenyeji wa kaunti hizi. Waluo wana jagam, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo, na mwanafunzi wa Rongo au Mbita hana haja ya kuelezwa mara mbili kwa nini watu wa nyumba moja hawatumiani jagam. Kwa mfano huo mmoja NO_PROXY imekwisha kufundishwa.

Neno hili lina faida nyingine. Ipo proksi ya upande wa pili, ile inayokaa mbele ya seva na kupokea maombi ya wageni wanaoingia. Kiingereza huiita kwa jina la kwanza na kuongeza neno la kinyume, na wanafunzi huchanganyikiwa hata wale wanaokijua Kiingereza vyema. Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkanganyiko huo. Anayetumwa nje ni mshenga. Anayepokea wageni mlangoni ni bawabu.

Watakaopinga watauliza kuhusu ngeli, na wana haki. Je, isemwe mshenga amekataa au mshenga umekataa? Mashine haina uhai, na upatanisho wa A-WA kwa seva unachekesha. Pendekezo la kufaa ni kukipa kifaa kiambishi ki-, kama ilivyofanywa kwa kivinjari na kichapishi, na kupata kishenga, vishenga: kishenga kimekataa ombi. Kweli vivinjari na vichapishi vilitokana na vitenzi, ilhali kishenga kinatokana na nomino. Na kweli pia kwamba neno hilo linaweza kusikika kama kielezi, mtu kufanya jambo kishenga. Muktadha utatenganisha, jinsi unavyotenganisha kitoto kinacholia na mtu mzima anayelia kitoto.

Hoja nzito zaidi ni ile ya vigezo vya Kiingi, vinavyojulikana kama PEGITOSCA, ambavyo miongoni mwake umo ukimataifa. Kwa kigezo hicho proksi inashinda, na hakuna aliye tayari kuifuta, maana imeandikwa katika mipangilio yenyewe na itaendelea kuchapwa na vidole vya mafundi. Lakini uwazi nao ni kigezo. Proksi humwambia fundi jina la kitu anachokijua tayari. Haimwambii chochote muuguzi mkuu, wala mjumbe wa bunge la kaunti anayeulizwa apitishe bajeti ya seva, wala mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na maelezo ya kiufundi yanayowekwa mbele ya watu hao ni shughuli rasmi.

Tatizo ni nani atakayeianza kazi hii. Kiongozi cha uundaji wa istilahi cha Tumbo-Masabo na Mwansoko kipo tangu 1992, na kinaeleza taratibu. Kinachokosekana ni mtu wa lugha aliyewahi kukaa kando ya fundi wakati podi zinakataa kuwaka. Kaunti hizi sasa zina vyuo vikuu vyake vya umma, Rongo kilichopewa hati mwaka 2016 na Tom Mboya kilichopewa yake mwaka 2022. Tasnifu moja ya uzamili inayokusanya maneno wanayotumia mafundi wa seva kati ya Homa Bay na Isebania, kwa Kiswahili, Dholuo na Kikuria, ingetoa data ambayo makongamano ya miaka mingi hayajaitoa. Huenda ikagunduliwa kwamba mafundi hao wana neno lao tayari, na kwamba kishenga hakihitajiki.