Imani ya majirani ni mtaji, isichezewe

UZOEFU unaonyesha kuwa amani inapotetereka, wa kwanza kuumia ni mkulima na mfanyabiashara mdogo. Hawana akiba ya kuwavusha hata wiki moja bila soko. Vurugu zilizotokea wakati wa Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025 zilithibitisha hilo. Watu walipoteza maisha, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa nchini kwa siku kadhaa. Mchuuzi wa Musoma anayetegemea wateja wa Dar es Salaam kununua dagaa wake hakuhitaji kuyaona maandamano ili hasara imfikie.

Swali linalobaki ni hili: nani anaweza kuwarudisha watu kwenye mazungumzo pale wanapoacha kuaminiana? Serikali ina wajibu wake, na malalamiko ya uchaguzi yanahitaji majibu ya haki kutoka kwake. Hata hivyo, kijijini kazi hiyo huanza kwa watu wanaofahamiana.

Mkoani Mara watu hao wapo. Wamo katika vicoba vya Bunda na Butiama, katika vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa pamba, katika vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, na katika mabaraza ya ardhi ya vijiji. Kinachowaunganisha si itikadi. Ni hesabu wanazoziona kwa macho. Sanduku la kicoba lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Wanachama wa vyama viwili vya siasa wanaodhaminiana mkopo wana sababu nzito ya kutochomeana vibanda.

Vivyo hivyo, ng'ombe wanapoingia katika shamba la mtama, baraza la ardhi la kijiji lina nafasi ya kusuluhisha mgogoro wa mpaka au njia ya mifugo kabla mapanga hayajatoka. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, baraza hilo lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Asiyeridhika ana haki ya kwenda ngazi ya juu.

Imani ya namna hii haiji kwa amri, wala haifutwi kwa amri bila gharama. Mwitongo, Butiama, alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere Oktoba 23, 1999, panakumbusha funzo hilo. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijijengea ushirika wao tangu miaka ya 1950. Serikali ya Mwalimu ilifuta halmashauri mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kuwa hatua zote mbili zilikuwa makosa. Ushirika ulikuwa umerejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani ya mkulima haikurejea kwa sheria.

Aidha, mitandao hii ina hatari zake. Sungusungu waliozuia wizi wa mifugo ndio hao hao ambao baadhi yao walipiga na kutesa watuhumiwa. Kikundi cha mikopo kinachopokea fedha za mgombea huacha kuwa cha wanachama wote. Baraza linalowasikiliza wazee peke yao huwaacha vijana nje, na kijana asiye na pa kusemea hutafuta barabara.

Kwa mantiki hiyo, viongozi wa vikundi hawana budi kusoma mapato na matumizi hadharani, kuwapa vijana na wanawake nafasi za kweli katika uongozi, na kukataa michango yenye masharti ya kisiasa. Nazo halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zivisajili na kuvifunza vikundi bila kuuliza kadi ya chama. Mtuhumiwa wa jinai apelekwe polisi na mahakamani, asihukumiwe njiani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kijiji huzibwa na walio ndani ya kijiji, na wakati wa kuuziba ni sasa, kabla kampeni nyingine hazijaanza.