Herufi chache zilinipigisha magoti

Wasee, acha niwaambie venye neno moja la Kizungu lilinitoa jasho.

Chama chetu ni cha watu nane, kila mtu anachanga 2,000 kwa mwezi. Juzi hesabu ikakataa, 4,000 hazionekani, na watu wakaanza kumwangalia mweka hazina na jicho baya. Tukaamua tutafute mtu wa nje apitie daftari. Kuna anti hapa kwa ploti ni mhasibu. Nikamwandikia ujumbe kwa Kizungu, eti nionekane niko siriasi: tumekuchagua kwa sababu uko "uninterested".

Akajibu kwa Kiswahili safi: "Kama sina haja na mambo yenu, mbona mnanisumbua?"

Manze! Nilimaanisha "disinterested". Shida ni hii: "interest" iko na maana mbili, haja na maslahi. "Uninterested" ni kukosa haja, yule msee anapiga miayo ukimwonyesha hesabu. "Disinterested" ni kukosa maslahi: iwe mweka hazina amekula pesa ama hajakula, wewe hupati wala hupotezi hata bob. Cheki refa wa fainali mtaani. Tunataka awe disinterested, asiwe na ndugu kwa timu yoyote. Akiwa uninterested, penalti itapita akiwa kwa simu.

Enyewe Waingereza wenyewe wamekuwa wakizichanganya tangu karne ya 17, na kuna kamusi siku hizi zinaandika maana zote mbili kwa "disinterested". Sawa, lakini mimi sikubali. Mtu amebored ana maneno mengi ya kumwelezea. Mtu asiye na upande ana machache, na sisi, vile kila wiki habari ni mgongano wa maslahi, ndio tunayahitaji zaidi. Kiswahili kilishamaliza hiyo kesi kitambo: hana haja, hana maslahi. Nani anaweza kuchanganya hizo? Ningeandika tu Kiswahili.

Nilienda kwa mlango wake nikaomba msamaha. Akacheka, akachukua daftari, na kwa nusu saa akapata shida: michango ya watu wawili iliandikwa mara mbili. Hizo 4,000 hazikuwahi kuwepo.

Mweka hazina bado hatuongeleshi.