Nani Atamuuliza Kama Yuko Tayari Kurudi Momba?

Kwa kawaida vyuo vyetu vya udaktari haviwaiti waombaji kwenye usaili. Huwapanga kwa alama za Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Nafasi zikijaa, mlango hufungwa. Uingereza huwasaili waombaji wengi kuliko nafasi, kisha huchuja.

Wapo wanaohofu kwamba usaili utaleta kujuana. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini alama nazo hupima shule pamoja na mwanafunzi: aliyesoma bila maabara hushindanishwa na aliyekuwa nayo. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri vyuo vidahili wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa kuwa ndio wenye mwelekeo wa kurudi kufanya kazi huko.

Basi zitengwe nafasi chache. Kwa kila nafasi wasailiwe watatu waliofikia vigezo vya TCU, kwa maswali yaleyale, mbele ya jopo. Wa Songwe wasailiwe Mbeya. Wakiitwa Dar es Salaam, nauli ndiyo itakayowachuja. Tusipouliza leo nani yuko tayari kuhudumu Momba na Ileje, kesho tusishangae daktari akiomba uhamisho.