Muache aulize mu Kiswahili



Jumamosi moja ya mwezi uliopita, hapa Lubumbashi, muandishi mwana wa mji huu alikuja kueleza kitabu chake kipya na kukitia sahihi. Kuingia bure. Tulitoka Katuba kwa miguu, tuko watano, tukafika mapema, na bado tulisimama nyuma karibu na mulango: mistari miwili ya mbele iliwekewa wakubwa. Wengi wao hawakufika. Viti vikabaki vitupu mbele ya macho yetu mpaka mwisho, na hakuna aliyethubutu kusema tukae.

Kitabu kinahusu wachimbaji wa mikono, wale vijana wanaoingia mu mashimo kutafuta shaba na kobalti. Si habari ya mbali kwetu. Lakini saa nzima mazungumuzo yalikuwa ya Kifaransa cha juu sana. Nakiri, mimi mwenyewe niliyefika iniversite nilipotea mara mbili tatu.

Wakati wa maulizo mwenzetu mmoja, muuzaji wa makala, alishika mikro. Akasema: "Papa muandishi, minaomba niulize mu Kiswahili. Baba yangu alikufaka mu shimo. Mu kitabu yenu, bale benye kufa mu shimo, beko na majina?"

Mwenye kuongoza alicheka kidogo. "Mu Kifaransa, dada, juu wageni basikie." Sale ikacheka naye. Dada akarudisha mikro, akainama. Sisi wane tuliokuja naye, sisi wenye kupaza sauti barabarani juu ya maji na umeme, tukaangalia chini. Ni hiyo inanifanya niandike leo.

Wengine watasema: kitabu kiliandikwa mu Kifaransa, basi kiulizwe mu Kifaransa. Hapana. Muandishi achague lugha yake, ni haki yake. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981, aliandika Tram 83 mu Kifaransa, ikatoka Paris mwaka 2014, ikatafsiriwa mu lugha nyingine, na hakuna mwenye kumudai samahani. Lakini kitabu ni kitu kimoja, kikao ni kitu kingine. Kikao kinafanyika hapa, masikio ni ya hapa, na wenye kufa mu shimo ni wa hapa.

Tena tusidanganyane kwamba Kiswahili chetu hakiwezi mambo ya kitabu. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watu waliofanya kazi ya uboyi mu nyumba za wazungu, aliandika historia ya mji huu tangu ukoloni. Kichwa chake ni cha Kifaransa, eti vokabilere ya mji wa Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha hapa, kile tunachosema sokoni. Mwaka 1990 Johannes Fabian, mutaalamu wa Ulaya, alikichapisha Amsterdam pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ulaya anaweza kusoma yale boyi wa Elisabethville alisema, na sisi tunaambiwa lugha yake haifai kushikia mikro.

Kwa wenye kuandaa vikao hivi: hatuombi mutafsiri wa kulipwa. Muache tu mutu amalize ulizo lake. Mwenye kujua lugha mbili hakosekani mu sale, atawaelezea wageni. Na viti vya wakubwa, dakika kumi zikipita, vikaliwe.

Kwetu sisi: tusisusie. Najua kuna wanaosema pale ni pa watu wa diplome, tuwaachie. Mukubwa tunayemulalamikia barabarani hatumuoni hata uso, lakini muandishi anakaa mita tatu mbele yako, na pembeni ya meza ya sahihi hakuna polisi. Na siku mwenzako akichekwa, usiangalie chini kama sisi. Sema kwa sauti: muache aulize.

Bei ndiyo ukuta mwingine. Dola 20, nyumbani kwetu ni bunga ya bukari ya siku nyingi. Tulichanga dola 4 kila mutu, tukasimama mu mustari na kitabu kimoja.

Pale mezani dada aliuliza tena, mu Kiswahili. Muandishi akaweka kalamu chini, akanyamaza. "Batatu tu ndio beko na majina, mwanangu. Bengine niliandika tu maiti. Sikuwazaka." Kisha akamuuliza baba aliitwa nani, akaliandika jina lile kwanza, juu ya sahihi yake. Watu wa nyuma wakaanza kulalamika kwamba mustari hauendi.

Kitabu sasa kiko Ruashi, kwa musomaji wa tatu. Kila mutu anapewa wiki moja. Mwenye kukitaka atuandikie, lakini ajue mbele yake kuna watu sita.