Kila Kitabu na Sanad Yake



Hivi karibuni nilialikwa kutoa darsa kwa akina mama wa Majengo, Nyeri. Mazungumzo yalipofika kwenye nchi yetu na Marekani, nikasema kwamba babake Barack Obama alipelekwa kusoma huko kwa fedha za ukoo wa Kennedy. Habari hiyo nilikwisha kuitoa mara nyingi, hata juu ya mimbari. Binti mmoja wa kidato cha nne akanyanyua mkono, akauliza kwa adabu: "Sheikh, sanad ya habari hii ni ipi?"

Sikuwa na jibu. Baada ya darsa mamake akaja kuniomba radhi, kisha akanisihi nimkataze bintiye vitabu vya siasa za Marekani, kwa kuwa ameazimia kwenda kusoma huko na mama anaihofia dini yake. Nikamwomba muhula. Niliporejea nyumbani nikavifungua vitabu.

Mambo yalikuwa hivi. Julai 1960, Tom Mboya alikutana na John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa ukoo wa Kennedy ukatoa dola 100,000 za kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki. Lakini Obama mzee aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, wala hakuwamo katika ndege ya wanafunzi 81 iliyoondoka Septemba mwaka huo. Vipi fedha za 1960 zimsafirishe aliyekwisha kufika 1959? Mwanawe mwenyewe aliteleza hapo katika hotuba yake ya Selma, Machi 2007, na baadaye wasaidizi wake wakakiri kosa. Hata kitabu cha Tom Shachtman cha mwaka 2009, Airlift to America, kinawataja Obama mzee na Kennedy pamoja katika maelezo ya jalada. Asomaye jalada tu ataingia kosani kama mimi.

Maulamaa wa hadithi walitufundisha kipimo zamani. Imam Bukhari hakutosheka na wapokezi wawili kuishi zama moja; alitaka ithibiti kwamba walikutana. Nasi tukishika kitabu kipya cha Marekani na tuulize mambo matatu: Mwandishi alikuwapo, au amepokea kwa nani? Miaka inaafikiana? Je, anaeleza pia yale yasiyompendeza?

Mpime kwa hayo Marehemu Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri. Katika Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, anasimulia alivyosafiri Septemba 1960 katika mpango ule ule, akasoma chuo cha watawa wa Kikatoliki mjini Atchison, Kansas. Anawashukuru waliomlea, wala hafichi kwamba njiani, wakisafiri kwa basi, walikatazwa kunywa soda ndani ya mkahawa kwa sababu ya rangi yao. Huyo ni shahidi mwadilifu wa aliyoyaona. Hata hivyo, mazungumzo ya Mboya na Kennedy hakuyahudhuria, na kwa hayo tutamtafuta shahidi mwingine.

Kisha kipime The Obama Nation cha Jerome Corsi, kilichopanda hadi kileleni mwa orodha ya New York Times mwaka 2008. Kilijitahidi kumfungamanisha Obama, ambaye ni Mkristo, na Uislamu, kana kwamba kuwa Mwislamu ni tuhuma. Babu yake, Hussein Onyango, alisilimu, na hilo Obama mwenyewe alikuwa amekwisha kuliandika waziwazi mwaka 1995. Kampeni yake ilitoa majibu ya kurasa 40 kubainisha makosa ya kitabu hicho. Oktoba mwaka huo Corsi alikuja Nairobi kukizindua, akakamatwa na maafisa wa uhamiaji na kurejeshwa kwao. Nakiri nilifurahi. Lakini kufukuzwa kwa mwandishi si hoja, na ghadhabu yetu si hoja. Kitabu huanguka kwa makosa yake.

Na mizani hiyo hiyo iwe juu yetu. Kiko kitabu tunachokikataa kwa kuwa kimetuudhi, na kiko tunachokikubali kwa kuwa kimeitukana Marekani. Aya ya sita ya Surat Al-Hujurat inatuamrisha kuibainisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Aliyedhulumiwa kwa habari ya uongo, hata awe mbali nasi na si wa dini yetu, ana haki yake.

Basi mama yangu wa Nyeri, jibu langu ni hili. Safari ya binti ni shauri lenu wazazi, mlifanye kwa istikhara na mashauriano. Lakini vitabu msimnyang'anye. Kaa naye jioni, akusomee, nawe umuulize yale maswali matatu. Binti anayemuuliza sheikh sanad hatapotezwa kwa urahisi na mwandishi wa New York.

Ama kauli yangu juu ya Obama mzee, naiondoa hapa hadharani, kama nilivyoitoa hadharani. Allah anisamehe, na amlipe kheri aliyeniuliza.

Wabillahi tawfiq.