Mzizi wenye njaa huita kiduha

MKULIMA wa Bunda au Butiama anayeng’oa bua la mahindi katika shamba lililochoka anaweza kushangaa. Juu mmea umedumaa na majani ya chini yameanza kuwa manjano kuanzia nchani, lakini chini mizizi ni mirefu kuliko alivyotarajia. Mmea unaokosa naitrojeni hupeleka sehemu kubwa zaidi ya chakula chake mizizini, na gharama yake huonekana kwenye gunzi.

Naitrojeni ya aina ya naitreti huyeyuka katika maji, hivyo mvua kubwa huizamisha, hasa kwenye udongo wa kichanga. Mtafiti Jonathan Lynch wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, ameonyesha kuwa katika hali hiyo mahindi yenye mizizi michache inayoshuka haraka huyashinda yale yenye mizizi mingi inayotambaa juu.

Tatizo ni kwamba mzizi huo haujifichi. Mahindi na mtama vikikosa naitrojeni au fosforasi hutoa kwa wingi kemikali iitwayo strigolaktoni, ambayo huita kuvu wanaousaidia mmea kufyonza madini. Mbegu za kiduha, ambazo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10, nazo huipata ishara hiyo, huota na kuunyonya mzizi. Wazee wanaosema kiduha ni dalili ya ardhi iliyochoka hawajakosea. Kung’oa tu, bila kuilisha ardhi, ni kazi ya kila mwaka.

Mbolea za dukani husaidia, ila hesabu yake hufanywa vibaya. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Wa CAN una takriban 13. Anayelinganisha bei ya mfuko kwa mfuko anaweza kununua kidogo kwa bei kubwa, na muuza pembejeo anayelijua hilo angewaeleza wateja wake. Mwaka 2022 Urea ilipita Sh100,000 kwa mfuko katika maeneo mengi, na Serikali ikaanza ruzuku msimu wa 2022/23. Hata hivyo, ruzuku haimsaidii anayemwaga Urea yote siku ya kupanda: mvua huishusha kabla mizizi haijafika. Sehemu kubwa ingoje mahindi yafike magotini.

Asiye na fedha ana kunde, karanga na choroko, ambazo vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Lakini karanga zinapong’olewa na majani yake kubebwa nyumbani, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huondoka nayo.

Ng’ambo ya mpaka, huko Mbita nchini Kenya, kituo cha ICIPE kilianza miaka ya 1990 kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mmea huo hunasa naitrojeni, na mizizi yake hufanya mbegu za kiduha ziote kisha zife kabla ya kuushika mzizi wa mahindi. Majani yake hukatwa yakawa malisho, jambo lenye uzito Mara, ambako wengi wana ng’ombe na samadi yao huachwa bomani ikipigwa jua.